Altezza kwenye tope la Sebei: kupanda si shida, niulize nashukaje

Kila mtu akisikia nina Altezza na kwetu ni juu huko Bukwo, Sebei, mashariki mwa Uganda, swali la kwanza ni lile lile, sasa wakati wa mvua unapandaje? Mimi huwa najibu kupanda si shida, niulize nashukaje. Wanafikiri natania. Miaka yote hii kwenye tope la mlima Elgon nimeona watu wanaogopa upande usio wenyewe, na kwa sababu ya hiyo wanajiandaa vibaya, wananunua tairi zisizofaa, wanapakia buti mpaka gari inaangalia mbinguni, wanakanyaga breki pale pa kuachia na kuachia gesi ghafla pale pa kuigusa kidogo.

Kwa wasioijua, Altezza ni saluni ndogo ya Toyota iliyoundwa 1998 mpaka 2005, huko nje ya Japani waliiuza kwa jina la Lexus IS. Yangu ni RS200, injini ya 3S-GE lita 2, gia 6 za mkono, na nguvu yote inaenda tairi za nyuma. Iko chini, springi ngumu, na ilikuja na tairi pana za inchi 17. Yaani ukikaa na mtu akuchoree gari isiyofaa kwa murram, barabara za udongo, za Sebei atachora hiyo. Lakini ndiyo niliyo nayo na naipenda, na siku hizi hata huwezi kuagiza nyingine, tangu 2018 sheria hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 15, kwa hiyo zilizopo Uganda tunauziana wenyewe kwa wenyewe na kila aliyepita nayo ameacha mambo yake ndani, huyu kakata springi, huyu kabadilisha ekzosi, huyu kaweka redio ya kutisha ng'ombe.

Barabara nayo. Sasa hivi Kapchorwa mpaka Suam ni lami, kilomita 73, lakini wakubwa wanakumbuka ilivyokuwa. Mvua ikishika, mtu wa Bukwo anayetaka kwenda Kampala alikuwa anavuka Suam kuingia Kenya, anashuka mpaka Kitale, anazunguka na kurudi Uganda kupitia Lwakhakha au Malaba. Unatoka nje ya nchi ndio ufike mji mkuu wa nchi yako! Ndio maana Kiswahili kimetushika hivi, maana soko letu na hospitali na hata gereji zilikuwa upande ule. Na msidhani lami imemaliza kila kitu, ukiacha ile barabara kubwa tu na kupanda kuelekea mashambani ni udongo ule ule wa zamani.

Udongo wenyewe ni wa volkeno, mwekundu, laini. Ukiwa mkavu ni mgumu hata jembe linalia. Sasa manyunyu ya kwanza yakianguka juu ya vumbi ndio hatari kuliko zote, inatokea ngozi nyembamba juu ya udongo mgumu na hiyo ngozi ni sabuni. Mvua kubwa ya saa nzima ni afadhali, inaosha, inabaki vichangarawe, unapata pa kushika. Watu hufanya kinyume, mvua kubwa wanasimama kunywa chai, manyunyu wanasema aa hii ni kidogo twende. Mimi manyunyu ndio nasimama.

Mtoto wa mjomba wangu yuko Montreal na yeye ana Mazda MX-5, kile kigari cha watu wawili, chepesi, kama tani moja tu, kinachosukuma nyuma pia, na anakiendesha Desemba mpaka Machi kwenye theluji. Theluji yetu sisi Uganda iko Rwenzori tu, juu kabisa huko Margherita mita 5,109, na hakuna gari itafika huko. Basi tunatumiana voisi, yeye ananitumia video ya barabara nyeupe na mimi namtumia ya barabara nyekundu, na cha ajabu tunasema maneno yale yale. Nilipomweleza hayo ya manyunyu akaniambia kaka hata huku ni hivyo, baridi kali ya nyuzi 20 chini ya sifuri barafu ni kavu na tairi inashika kiasi, kinachomaliza watu ni pale hewa inakaribia sifuri na barafu inaanza kutoa maji juu.

Sasa tairi, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo tulipobishana sana.

Gari nyingi za Japani na tairi za mtumba zinazoshuka Mombasa kuja kwetu zimeandikwa STUDLESS ubavuni. Hizo ni tairi za theluji. Watu wengi huku hawajui, wanaona tairi ina meno mengi, imejaa vimikato vidogo vidogo, mpira laini, wanasema hii ndio ya tope. Hata mimi niliuziwa nne Mbale kwa maelezo hayo hayo. Nikampigia picha mtoto wa mjomba akashangilia, akasema umepata dhahabu, huku Quebec tairi za msimu wa baridi ni lazima kisheria kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi na zinauzwa bei ya kukukosesha usingizi. Nikaziweka nikapanda nazo.

Kwenye murram iliyolowa kiasi hazikuwa mbaya. Kwenye tope lenyewe zilikufa. Baada ya mita chache tu meno yote yalijaa udongo, tairi ikawa duara nyekundu isiyo na jino hata moja. Tulijadiliana siku nyingi mpaka tukaelewa. Tairi ya theluji imetengenezwa *ishike* theluji ndani ya meno, kwa sababu theluji inashikana na theluji, kwa hiyo ikijaa ni vizuri. Tope ni kinyume, tope halishikani na tope, tairi ya tope lazima iwe na meno makubwa yaliyoachana ili ikizunguka itapike udongo nje. Kitu kimoja kinataka kubeba, kingine kinataka kutupa. Halafu kuna joto, ule mpira wa theluji umeundwa ubaki laini chini ya nyuzi kama 7 hivi ambapo mpira wa kawaida unakuwa mgumu, ukiuleta kwenye lami ya jua kali pale chini Muyembe unaisha huku unauangalia. Gari inayumba kwenye kona unadhani busi, ile mipira ya miguu ya gari, zimekufa kumbe ni tairi tu, laini mno.

Nilichofanya mwisho ni kushuka kutoka ringi za 17 kwenda za 16, tairi 205/55 zenye alama ya M+S, yaani tope na theluji, meno makubwa kiasi. Sio tairi za Land Cruiser, usitegemee miujiza, lakini ni nyembamba kidogo na ubavu ni mrefu. Wembamba unasaidia kwa sababu kule chini ya utelezi kuna udongo mgumu, tairi nyembamba inakata mpaka inaufikia, tairi pana inaelea juu. Hata yeye za baridi kachukua nyembamba kuliko za kiangazi kwa sababu hiyo hiyo. Na upepo, kwenye tope napunguza, naacha kama PSI 22 hivi, nikifika lami najaza tena. Usisahau kujaza, tairi isiyo na upepo kwenye lami inapata moto na kupasuka.

Sasa kupanda. Jamani kupanda gari ya nyuma ni raha! Gari ikielekea juu uzito unarudi nyuma, na nyuma ndiko tairi za kusukuma zilipo, basi unapewa bure. Premio na Probox za kawaida zinavuta kwa tairi za mbele, zikielekea juu mbele kunakuwa kwepesi, zinazunguka tu zinapiga kelele. Nimeshamwona dereva wa Premio amegeuza gari akapanda kilima chote kwa rivasi, shingo imepinda, abiria wamekaa kimya, na akafika. Sio ujinga ule, ni akili, amehamisha uzito kwenye tairi zake. Mimi nyuma yake nikapanda kwa mbele kama mtu anayeenda kanisani na vijana wa kusukuma magari pale chini wakabaki wameshika kiuno, walikuwa wameshahesabu pesa yangu.

Kanuni yangu ya kupanda ni fupi. Simama chini kwanza, angalia kama kuna kitu kinashuka, kinachoshuka hakiwezi kusimama kwa hiyo kipishe. Halafu gia ya pili, mguu mwepesi, usibadilishe gia katikati, usisimame. Tairi ikianza kuzunguka bure punguza gesi, usiongeze, ukiongeza unapiga pasi ile njia na anayekuja nyuma atakulaani. Ukikwama katikati kabisa usipigane, rudi taratibu kwa rivasi mpaka tambarare uanze upya. Na kaa katikati ya barabara, juu ya mgongo wake, kwa sababu barabara zetu zimeinuka katikati na zimeteremka pembeni kwenda mtaroni, na mkia wa gari ya nyuma ukipoteza shiko unaufuata ule mteremko wenyewe bila kuuliza.

Kushuka sasa.

Walionifundisha kushuka sio vijana wa kudrift wa Kampala, ni madereva wa malori ya Fuso. Fikiria, Fuso inasukuma nyuma, imebeba mahindi au viazi, inashuka mlima huu kila wiki, hao ndio maprofesa. Upande wa Kapkwata kulikuwa na mteremko mmoja mrefu wenye kona chini, na siku moja tulikuwa tumepanga foleni hapo juu tukisubiri lori lililolala njiani litolewe. Mzee mmoja wa Fuso akaja kuiangalia gari yangu, akainama akachungulia chini, akacheka.

"Kijana yangu, hii inasukuma nyuma?"

"Ndio mzee."

"Utashuka na gia gani?"

Nikamwambia ya kwanza, maana ndivyo sote tulivyofundishwa shule ya udereva, mteremko mkali gia ndogo.

"Ya kwanza itakuzungusha uangalie ulikotoka. Weka ya pili, na gesi usiiache yote, iguse. Breki ya mguu kidogo kidogo, ukiwa umenyooka tu."

Nilishuka hivyo na nikafika chini nikiwa nimenyooka, na baadaye nilikaa nikafikiria kwa nini. Ukishuka, uzito unaenda mbele, nyuma kunakuwa kwepesi. Ukiwa gia ya kwanza na umeachia gesi, injini inaizuia gari, lakini inazuia tairi za nyuma *peke yake*, zile zile ambazo ziko nyepesi. Zinashindwa kuzunguka kwa kasi ya gari, zinaanza kuteleza, na tairi inayoteleza haina tena nguvu ya kushika kwa upande. Ni sawasawa na umevuta handibreki kwenye kona. Mkia unakuja. Gari ya kuvuta mbele haina tatizo hili, injini inazuia zile za mbele zenye uzito na mkia unafuata, ndio maana yule wa Premio aliyepanda kwa rivasi anashuka anapiga mluzi na mimi naomba Mungu.

Kwa hiyo shuka na ya pili, ukibadilisha gia kuja chini piga gesi kidogo kabla ya kuachia klachi ili injini ipande ifanane na tairi, usiachie klachi ghafla hata siku moja. Breki za mbele ndizo rafiki yako maana uzito uko kule, lakini breka kabla ya kona, sio ndani ya kona. Mkia ukitoka, kanyaga klachi, hiyo inaondoa injini kabisa kwenye mazungumzo, geuza usukani kuelekea kule mkia unakoenda, na angalia barabara, usiangalie mtaro. Macho yakienda mtaroni mikono inafuata. Mimi umenitoka mara kadhaa, mara moja ukatoka kweli kweli mpaka nikaona migomba kupitia dirisha la pembeni badala ya kioo cha mbele, mama mmoja aliyebeba kuni akazitupa zote akaruka juu ya ukingo, na gari ikajinyoosha yenyewe baada ya kukanyaga klachi. Nilisimama nikamsaidia kukusanya kuni. Alinitukana kwa Kikupsabiny na kwa Kiswahili, na alikuwa na haki.

Mtoto wa mjomba yeye ana otomatiki, na anasema kwake shida ni nyingine kidogo, kwenye barafu anakanyaga breki, tairi za mbele zinashindwa, na huku nyuma injini inaendelea kusukuma kidogo kidogo hata bila gesi, gari inakataa kusimama. Akijua anakuja kusimama anaweka N, yaani nyutro, mapema. Mwenye Mark X ya otomatiki huku, jaribu hiyo kwenye utelezi tambarare kwanza uone tofauti, sio mlimani.

ABS nayo, ule mfumo unaozuia breki zisifunge tairi, watu wanaisema vibaya au vizuri bila kutofautisha. Kwenye murram yenye vijiwe vilivyolegea inarefusha kusimama, kwa sababu tairi iliyofunga ingekusanya rundo la mawe mbele yake na rundo lingeizuia, ABS haiiachi ikusanye. Kwenye theluji nene ni hivyo hivyo. Lakini kwenye ule utelezi mwembamba wa udongo mwekundu hakuna cha kukusanya, hapo ABS inakuachia usukani ufanye kazi na mimi siwezi kuichomoa fyuzi kama wengine wanavyofanya.

Mzigo kwenye buti. Huko Montreal wanaweka mifuko ya mchanga, sisi tunaweka gunia. Inasaidia kupanda, ndio, lakini mnaweka mno. Gunia moja la viazi, lisukumwe mpaka ligusane na viti vya nyuma, lifungwe. Mkiweka matatu yote kule mwisho wa buti, mbele kunanyanyuka, usukani hausikii, na wakati wa kushuka ule uzito wote uliokaa nyuma ya tairi za nyuma ndio unaovuta mkia uzunguke. Umelipia kupanda kwa pesa ya kushuka.

Ukikwama kabisa, tairi moja ya nyuma inazunguka na nyingine imetulia, vuta handibreki kidogo tu, meno mawili matatu, huku unapeleka gesi taratibu. Ile inayozunguka bure inapata kizuizi na difu inapeleka nguvu kwa mwenzake. Yangu ina Torsen, difu inayogawa nguvu yenyewe kati ya tairi mbili, na hata yenyewe inahitaji hivyo, tairi moja ikiwa hewani haifanyi kitu mpaka ipate kizuizi. Kamba ya katani nayo inafanya kazi, unaipitisha kwenye matundu ya ringi kuzunguka tairi za nyuma, lakini hakikisha haigusi kalipa ya breki na uende mwendo wa mtu anayetembea, ukitoka tu uifungue. Na wale vijana wa kusukuma, elewana nao bei kabla hawajashika gari, na waambie wasisimame nyuma ya tairi. Kuna sehemu nina hakika wao wenyewe wanamwaga maji usiku. Sina ushahidi, lakini tope la kiangazi linatoka wapi?

Kitu kingine kidogo kimewapeleka watu gereji bure. Umetoka kwenye tope, umefika lami, unafika 80 usukani unatetemeka mpaka meno yanagongana. Unadhani umevunja kitu. Angalia ndani ya ringi kwanza, tope limejaa upande mmoja likakauka na tairi imepoteza balansi. Mpe kijana wa kuosha pale Sironko bomba la maji apige ndani ya ringi zote nne na chini ya bodi, wewe kula roleksi yako, chapati na mayai, ukirudi gari imepona. Mtoto wa mjomba alipata hiyo hiyo kwa theluji iliyoganda ndani ya ringi, na yeye alishalipia alaimenti kabla hajanisikia.

Sasa hivi kwenye lami mpya hatari imebadilika sura. Matrekta na malori yanatoka mashambani na tope kwenye tairi yanaliacha kwenye lami, hasa kwenye njia panda, na wewe unakuja zako 80 umestarehe, kona, halafu mita kumi za udongo mwekundu uliolowa. Ukungu ukishuka hulioni. Asubuhi saa moja mpaka saa nne ndio wakati wangu wa kusafiri, mvua ya mlima mara nyingi inakuja mchana.

Na kwa wanaoniuliza tairi kila mara, nunueni nne. Najua pesa haitoshi, na najua fundi atakwambia gari inasukuma nyuma kwa hiyo weka mbili nzuri nyuma na zile za mbele zilizokwisha zibaki. Utapanda nazo kila kilima cha Sebei. Halafu utafika juu, utageuza, na za mbele ndizo zinatakiwa zibreki na zikate kona.